Kupima na Kupunguza Hewa Ukaa Kwenye Mikoko Yetu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa vikundi vya misitu, wavuvi, wazee wa mitaa, walimu na vijana wa pwani ambao wamesikia kwamba msitu unaweza kuingizia kijiji fedha bila kukatwa, na wanataka kujua ukweli wake kabla ya kukaa barazani na mtu yeyote. Mifano mingi inatoka Gazi, Kaunti ya Kwale, kwa sababu kazi ya pale imedumu miaka mingi na matokeo yake yanaonekana. Wa bara na wa Tanzania pia mna sehemu yenu huko chini.

Msimamo wetu tunausema mapema: kijiji kisichojua kupima msitu wake kitaishi kwa hesabu za watu wengine. Kwa hiyo maswali ya kupima tumeyajibu kwa urefu kuliko mengine.

Mikoko inahusiana vipi na joto la dunia?

Mti hukua kwa kuvuta hewa ukaa, gesi inayoipasha dunia joto, na kuigeuza kuwa shina, tawi, jani na mzizi. Mkoko unafanya zaidi ya hapo. Majani na mizizi yake ikifa hufukiwa kwenye tope lisilo na hewa, na kwa kuwa humo mambo huoza polepole mno, kaboni hukaa karne na karne. Katika misitu mingi ya mikoko, sehemu kubwa ya kaboni imo ardhini, si kwenye miti unayoiona.

Ukifyeka msitu huo, hasara ni mbili. Miti iliyochomwa inarudisha hewa ukaa angani mara moja, kisha tope lililoachwa wazi linaanza kupata hewa na kuvuja ilichohifadhi kwa miaka mingi. Hapo hatujazungumzia kamba, kaa na samaki wadogo wanaolelewa kwenye mizizi ile, wala ufuo unaoliwa na mawimbi mikoko ikiondoka.

Gesi joto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto, ni hewa ukaa peke yake?

Hapana. Kuna methani, inayotoka kwenye matumbo ya ng'ombe, majalala na mashamba ya mpunga yaliyofurika, na kuna oksidi ya nitrojeni inayotokana zaidi na mbolea. Kilo moja ya methani hupasha joto karibu mara 27 hadi 30 ya kilo moja ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100, na oksidi ya nitrojeni mara 273. Ndiyo maana ripoti husema "tani za hewa ukaa au kinacholingana nayo": gesi zote zimegeuzwa kuwa kipimo kimoja.

Mikoko Pamoja ni nini hasa?

Ni mradi wa wakazi wa Gazi na Makongeni, kusini mwa Mombasa, wa kulinda na kurudisha hekta 117 za mikoko. Mwaka 2013 ulithibitishwa chini ya Plan Vivo, kiwango cha kimataifa cha kukagua miradi ya kaboni ya jamii, na ukawa wa kwanza duniani wa kijamii kuuza kaboni ya mikoko. Hesabu yake ni takribani tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Haukuota usiku mmoja. Katika miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi ili iwe kuni za viwanda vya chokaa na matofali, na sehemu nyingine zikabaki tope tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, akiwemo Dkt. James Kairo, walianza kupanda upya pamoja na wanakijiji. Kwa hiyo mradi uliposajiliwa, watu walikuwa wameshaizoea kazi ya kupanda, kuhesabu na kusubiri kwa zaidi ya miaka 20. Anayetaka kuiga Gazi asiisahau miaka hiyo.

Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, walifuata na mradi wao wenye hekta 460, unaokadiriwa kuzuia zaidi ya tani 5,500 kwa mwaka.

Tunauza nini? Hewa haishikiki.

Mnauza tofauti. Hatua ya kwanza ni kukadiria, kwa ushahidi, msitu ungefika wapi kama mambo yangeendelea kama zamani: ukataji kiasi gani kwa mwaka, eneo gani lingepotea. Hatua ya pili ni kupima hali halisi baada ya kulinda na kupanda. Kilicho kati ya hayo mawili ndicho kinachoandikwa kwenye hati, tani kwa tani, na hati hiyo ndiyo inayonunuliwa.

Jambo hili lina matokeo ambayo wengi hawayapendi. Msitu ambao hakuna anayeutishia, ambao ungebaki salama hata bila mradi, hauna cha kuuza. Na aliyekadiria ukataji wa zamani kwa kuutia chumvi anauza tani ambazo hazipo. Sehemu nyingi duniani biashara hii imechafuliwa jina na makadirio ya namna hiyo. Ulinzi wenu dhidi ya aibu hiyo ni daftari lenu wenyewe la ukataji, lililoanza kuandikwa kabla ya fedha kutajwa.

Msitu unapimwaje, hatua kwa hatua?

Vifaa ni vichache: kamba au futi ndefu ya mita 50, futi laini ya fundi cherehani, fimbo ya mita 1.3, vigingi, rangi, kifaa cha GPS cha kuonyesha mahali mlipo (simu nzuri inatosha kwa kuanzia) na daftari lenye penseli. Penseli, kwa sababu wino na maji ya chumvi havielewani.

Chagueni maeneo ya kupimia kwa utaratibu, si kwa kupenda. Pigeni mstari kutoka baharini kwenda nchi kavu, na kila baada ya umbali mliokubaliana wekeni kiwanja cha mita 10 kwa 10. Kishawishi ni kuchagua penye miti mizuri au penye njia rahisi. Mkifanya hivyo mtakuwa mmepima njia, msitu bado.

Ndani ya kiwanja kila mti wenye kipenyo cha sentimita 2.5 au zaidi unaandikwa: aina yake (mkoko, mkandaa, mchu, muia, mlilana, mkomafi), kipenyo, urefu, na kama shina limenyooka kiasi cha kufaa kwa boriti au limepinda. Kipenyo hupimwa mita 1.3 kutoka chini, usawa wa kifua. Mkoko wenyewe una utata, kwani mizizi yake ya juu husimama kama miguu ya kaa na mahali pa mita 1.3 mara nyingi pameshikwa na mizizi hiyo. Kwa hiyo pandisheni futi hadi sentimita 30 juu ya mzizi wa mwisho. Mti ukishapimwa unapigwa alama ya rangi ili mwaka ujao upimwe palepale.

Futi ya fundi inatoa mzingo, si kipenyo. Mzingo wa sentimita 31.4 gawanya kwa 3.14, unapata kipenyo cha 10. Karani akiandika mzingo kwenye safu ya kipenyo, mti unaonekana mnene mara tatu, na kwa kuwa uzito hupanda kwa kasi kuliko unene, mti huo mmoja utahesabiwa kwa zaidi ya mara kumi ya uzito wake. Kosa hili hutokea sana na ndilo la kwanza kutafuta kwenye daftari. Msomaji wa futi aseme namba kwa sauti, karani airudie kwa sauti kabla ya kuandika.

Hesabuni visiki pia. Kisiki kinasema aina ya mti uliokatwa, unene wake, umekatwa kwa panga au msumeno, na ukikata kidogo pembeni unajua kama ni cha juzi au cha zamani. Visiki vya pau na boriti vikiwa vingi, mjue kuna mtu anajenga. Vikiwa vya kila unene, mtafute tanuri la mkaa. Mwisho wahesabuni watoto wa msitu, yaani miche, kwa urefu wake, kwani msitu wenye miti mikubwa usio na miche unazeeka.

Saa za kazi zinaamuliwa na bahari. Mililana ya ukingoni kabisa inafikika vizuri maji yakipwa wakati wa bamvua. Michu na mikandaa ya upande wa nchi kavu ipimwe wakati wa maji mafu, kukiwa hakujafurika. Wavuvi wenu wanalijua hili kuliko mtaalamu yeyote, hivyo ratiba wapangeni wao.

Kutoka futi hadi tani, hesabu inapita wapi?

Watafiti wamekata na kupima uzito wa miti ya aina mbalimbali na kutengeneza fomula: ukitoa kipenyo, na wakati mwingine urefu, unapata uzito wa mti mkavu. Kila aina ina fomula yake, kwa hiyo anayechanganya mkandaa na muia anaharibu hesabu.

Tuseme jumla ya miti ya kiwanja kimoja ni kilo 1,800. Hekta moja ni viwanja 100 vya namna hiyo, basi ni tani 180. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni: tani 90. Kaboni ikiungana na oksijeni kuwa hewa ukaa uzito unakuwa mara 3.67 (yaani 44 gawanya kwa 12), basi hekta hiyo imeshika takribani tani 330 za hewa ukaa kwenye miti tu, bila mizizi na udongo.

Msidhani mtalipwa tani 330 kila mwaka. Hiyo ni akiba yote iliyojengwa tangu miti ilipoota. Gazi, ukigawanya tani 3,000 kwa hekta 117, inapata kama tani 25 kwa hekta kwa mwaka, nayo ni kwa sababu mikoko ni hodari. Mtu akiwaahidi mamia ya tani kwa hekta kila mwaka, mfungulieni mlango atoke.

Tani 3,000 ni nyingi au kidogo?

Bodaboda inayotumia lita tatu za petroli kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hutoa kama tani 2. Kazi ya mwaka mzima ya Gazi inafidia bodaboda karibu 1,500. Kwa vijiji viwili hilo ni kubwa. Kwa dunia ni tone, na hatuoni aibu kulisema.

Watu wasio na digrii wanaweza kweli kupima kaboni?

Wanaweza, na limeshajaribiwa. Kitulangalo, karibu na Morogoro, wanakijiji walifundishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kupima msitu wao, na vipimo vyao vikalingana vizuri na vya wataalamu, kwa gharama ndogo zaidi pale kazi iliporudiwa mwaka hadi mwaka. Mtaalamu anahitajika mwanzoni kuchora ramani, kuchagua fomula na kufundisha, na baadaye kukagua. Kupima kwenyewe kunahitaji uangalifu, uvumilivu na mtu anayejua majina ya miti. Bibi anayeokota chaza mle ndani kila wiki tayari ana sifa mbili kati ya hizo tatu kuliko mhitimu aliyeshuka jana.

Na watu wakipima wenyewe, wanaanza kuona. Kisiki ambacho kwa miaka kilipitwa tu, sasa kina namba kwenye daftari na kinaulizwa mkutanoni.

Na udongo?

Unapimwa kwa bomba linalozamishwa kwenye tope, sampuli zinakatwa kwa kina, zinakaushwa na kupelekwa maabara. Hii ni kazi ya kushirikiana na taasisi, msilazimishe.

Tukizuia kukata hapa, watu si watakata kule jirani?

Watakata, kama hamjawapa mbadala. Na zikikatwa tani jirani, mmehamisha tu uharibifu, na mkaguzi mzuri atapunguza hesabu yenu kwa kiasi hicho.

Nyumba ya pwani imejengwa kwa miti hii tangu zamani: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, hadi banaa. Majahazi yaliipeleka hadi Uarabuni na Ghuba, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kusafirisha nje mwaka 1982. Huwezi kumwambia mtu asijenge. Gazi walipanda mivinje kwenye ardhi ya kijiji ili itoe miti ya kujengea na kuni, na sisi tunaamini bila shamba la mivinje lililotangulia, ulinzi wa mikoko ni ugomvi tu. Pandeni mapema, kwa sababu mvinje wenyewe unahitaji miaka kadhaa kabla ya kukatwa.

Mbadala wa pili ni mapato. Pale Gazi kina mama wana daraja la mbao linalopita ndani ya mikoko, wageni hulipa kiingilio na kula chakula chao.

Moshi wa jikoni kwetu unahesabiwa?

Kwenye mradi wa mikoko, la. Lakini hesabuni hata hivyo, kwa sababu ndiko kukata kunakoanzia. Chagueni nyumba 20 au 30 za aina tofauti, pimeni kwa mizani kuni na mkaa unaotumika kwa wiki moja, mrudie wakati wa masika. Tanuri la udongo la kienyeji hula kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, hivyo nyumba inayoonekana kutumia kidogo kwa sababu inapikia mkaa, mara nyingi imekula msitu zaidi kuliko ile yenye mafiga matatu na kuni kavu. Kijiji kikiliona hili kwa namba zake chenyewe, mjadala wa majiko sanifu na gesi unakuwa mwingine.

Msitu ni wa nani?

Mikoko ya Kenya ni misitu ya serikali. Ilitangazwa hivyo mwaka 1932. Kijiji hakiimiliki. Njia yenu ni chama cha jamii cha msitu, CFA, kinachotia saini mkataba wa usimamizi na Huduma ya Misitu ya Kenya chini ya sheria ya misitu ya mwaka 2016. Bila karatasi hiyo hamna haki ya kuuza hata tani moja, hata kama babu zenu ndio walioutunza. Tunajua hili linauma. Ndiyo sababu mkataba huo uanze kushughulikiwa mwaka wa kwanza, usisubiri mnunuzi.

Fedha ni kiasi gani, na nani anaamua?

Katika miaka yake ya mwanzo Mikoko Pamoja ilikuwa ikipata takribani dola 12,000 kwa mwaka. Ukizigawa kwa vichwa, kila mtu anapata nauli. Zikiwekwa pamoja zimeleta maji, vitabu vya shule na ukarabati wa madarasa, kwa uamuzi wa mikutano ya wazi. Kiwango cha Plan Vivo kinadai angalau asilimia 60 ya mauzo ifike kwa jamii. Hati zenyewe huuzwa kupitia shirika la hisani la Uskochi, ACES, na kamati ya kijiji ndiyo inayoendesha kazi.

Kwa maoni yetu ubao wa matangazo ulio sokoni au karibu na msikiti una kazi kubwa kuliko ripoti ya kurasa 60. Andikeni hapo: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimekwenda wapi.

Kampuni imekuja na mkataba. Tuangalie nini?

Kwanza, lugha. Mkataba usiosomwa kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa wote, wanawake na vijana wakiwemo, msiutie saini.

Pili, sheria. Nchini Kenya, marekebisho ya sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya mwaka 2023 yanataka mradi ulio kwenye ardhi ya umma au ya jamii uwe na mkataba wa maendeleo ya jamii, na mradi wa ardhi utoe kwa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia baada ya kutoa gharama za uendeshaji. Maneno "baada ya kutoa gharama" yasomeni mara tatu. Ulizeni gharama zipi, nani anazikagua, na kama zina kikomo. Asilimia 40 ya kilichobaki inaweza kuwa asilimia 40 ya kitu kidogo sana.

Tatu, muda. Mkataba wa miaka 30 au 40 unawafunga watoto wenu. Je, kuna mahali pa kuupitia upya na kujitoa?

Nne, nani anashika takwimu? Daftari na nakala za vipimo zibaki kijijini. Hili tusingelegeza kwa bei yoyote.

Mwezi Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii zilizoanzishwa huko hazikufuata sheria, kwa kukosa ushirikishwaji wa umma. Sehemu ya mradi mmoja wa kaboni ya udongo ilikuwa humo. Somo lipo kwa pande zote mbili: saini za haraka haziwalindi hata wenye kampuni.

Wanaonunua si wanaendelea kuchafua tu?

Baadhi, ndiyo. Hati ya kaboni haimsafishi mtu ambaye hajapunguza moshi wake mwenyewe, na kamati ina haki ya kuuliza mnunuzi ni nani na amepunguza nini. Kuna vijiji vitakavyoamua kutouza kabisa na kulinda msitu kwa ajili ya samaki na ufuo. Huo ni uamuzi kamili, na vipimo vyenu havipotei bure.

Miti ikifa kwa mvua au bahari?

Hutokea. Mvua za El Niño za 1997 zilimwaga tope jingi kwenye kijito cha Mwache, Mombasa, na mikoko mingi ikafa kwa kufukiwa mizizi. Kwa sababu hiyo miradi hutenga sehemu ya tani bila kuziuza, ziwe dhamana. Ulizeni sehemu hiyo ni asilimia ngapi.

Sisi tuko Tanzania, tena bara. Yanatuhusu?

Yanawahusu sana, na kwa upande mmoja mko mbele: kijiji cha Tanzania kinaweza kumiliki msitu wa hifadhi wa ardhi ya kijiji. Wahadzabe na Wadatoga wa bonde la Yaeda wamekuwa wakiuza kaboni ya miombo na vichaka vyao kwa miaka zaidi ya kumi, na vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vimejenga zahanati na madarasa kwa fedha za msitu wa Ntakata. Kanuni za biashara ya kaboni zilitoka mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kipo SUA, Morogoro. Huko ndiko kwa kuanzia kuuliza.

Hatuna mfadhili wala mtaalamu. Tunaanzia wapi?

Anzeni na viwanja vitano. Chagueni watu sita, wanawake wasiopungua watatu, na wawili kati ya wote wawe vijana wanaoandika vizuri. Pimeni miti, hesabuni visiki, pigeni picha kutoka kona ileile ya kila kiwanja, andikeni tarehe na hali ya maji. Tengenezeni nakala mbili, moja ikae shuleni, nyingine kwa mwenyekiti. Rudieni baada ya miezi 12, mwezi uleule. Mkishakuwa na miaka miwili kwenye karatasi, pelekeni nakala kwa ofisi ya misitu ya wilaya au kaunti na kwa chuo kilicho karibu, muombe kuonyeshwa fomula za aina zenu za miti.